Keja nyepesi, udongo mbishi: Kabla ya kuagiza nyumba ya kuunganisha, uliza itasimama juu ya nini

Tangazo umeliona. Keja ndogo ya chumba kimoja au viwili, kuta nyeupe safi, madirisha ya aluminiamu, baraza la mbao lenye viti viwili. Asubuhi inashushwa kutoka kwenye lori, jioni watu wanakunywa chai ndani. Bei imeandikwa kwa herufi kubwa. Lakini ukisoma maandishi madogo ya chini mara nyingi utakuta maneno matatu ambayo hakuna mtu huyasoma: bila ya msingi.

Maneno hayo matatu ndiyo stori yetu ya leo, kwa sababu ndiyo yanayoamua kama keja yako itadumu au itakuwa hasara iliyopakwa rangi nyeupe.

Kwanza tuelewane. Sina ubaya na nyumba hizi za kiwandani, ziwe za paneli, za kontena au za fremu ya chuma. Kwa kijana wa mjini zina mantiki. Tangu Machi 2024, sheria ya nyumba za bei nafuu inamkata mfanyakazi asilimia 1.5 ya mshahara wake wote kabla ya makato mengine, na mwajiri anaongeza kiasi hicho hicho. Nyumba zinazojengwa kwa pesa hizo ni za ghorofa, na wewe ni mmoja tu kwenye foleni ndefu. Kodi nayo haikungoji. Kwa hivyo vijana wengi wanaona heri wajipange wenyewe: pesa za chama, mkopo wa Sacco, ploti ya futi 50 kwa 100 huko Kitengela, Joska, Kamulu au Juja, halafu keja ndogo juu yake. Wengine wanapeleka ushago kwenye shamba la familia.

Wazo ni zuri. Shida ni imani moja inayozunguka pamoja na hayo matangazo: kwamba nyumba nyepesi haihitaji msingi wa maana, unaweka tofali nne tu na maisha yanaendelea. Sikumaliza chuo, na hata ningemaliza nisingekuwa injinia. Lakini hesabu ya kuonyesha kwamba imani hiyo ni ya uongo ni ya shule ya msingi, kwa hivyo tuifanye pamoja.

Msingi haubebi tu

Chukua kontena la futi 20, lile la kawaida la bandarini. Likiwa tupu lina uzito wa takriban tani 2.3. Tia vitanda, friji, jiko, vigae, tangi dogo la maji na marafiki waliokuja Jumamosi. Tuseme vyote ni tani 3 zaidi. Jumla ni kama tani 5.3, na kontena hukaa kwenye kona zake nne, kwa hivyo kila kona inabeba kama tani 1.3. Kitako cha zege cha sentimita 60 kwa 60 chini ya kila kona kinatosha kusambaza uzito huo hata kwenye udongo ambao si mgumu sana.

Kwa hivyo muuzaji anakwambia ukweli nusu. Uzito si tatizo. Udongo mwingi wa Kenya utaibeba keja yako bila kulalamika.

Ila msingi una kazi nyingine tatu. Ya kwanza ni kuishikilia nyumba isiondoke. Nyumba ya mawe inakaa chini kwa uzito wake. Nyumba nyepesi haina uzito huo, na upepo ukiingia chini ya paa au chini ya sakafu, unainua. Tumeona mabati ya madarasa na maduka yakipeperushwa msimu wa mvua. Keja yako ikiwa imewekwa tu juu ya tofali bila bolti, tofauti yake na bati hilo ni ndogo. Kazi ya pili ni kuitenga nyumba na maji, mchwa na kutu. Ya tatu, na hii ndiyo imewaumiza watu wengi kuzunguka Nairobi, ni kuikinga na mwendo wa udongo wenyewe.

Udongo unatembea? Ndiyo. Njoo Kitengela.

Udongo mweusi hauna urafiki

Ule udongo mweusi ambao mafundi huuita "black cotton" umetanda Athi River, Kitengela, Syokimau, sehemu kubwa ya Joska na Kamulu, nyanda za Mwea, na Kano kule Kisumu. Ukipita hapo kiangazi, utaona ardhi imepasuka nyufa ambazo mkono unaingia. Ukipita wakati wa mvua, viatu vyako vinabaki nyuma. Ni udongo wa mfinyanzi ambao chembe zake hunyonya maji na kuvimba, kisha hukauka na kusinyaa. Kila mwaka, mvua za masika na za vuli zikija na kuondoka, ardhi hiyo inapumua juu na chini.

Na haipumui sawasawa. Katikati ya nyumba, chini ya sakafu, udongo hukaa na unyevu wake. Kwenye kingo jua linaukausha na mvua inauloweka. Kona moja iliyo karibu na bomba linalovuja inapanda, kona iliyo karibu na mti inashuka. Nyumba inapinda. Mlango wa choo unakataa kufunga, dirisha linakwama, kisha ufa unaanza kwenye kona ya dirisha na kupanda kwa mshazari.

Sasa sikiliza jambo ambalo tangazo halitakwambia. Kwenye udongo huu, wepesi wa nyumba unaweza kuwa udhaifu. Udongo unapovimba unasukuma juu kwa nguvu. Nyumba nzito ya mawe angalau inaukandamiza kidogo. Keja nyepesi inainuliwa tu. Kwa hivyo yule anayesema "hii ni nyepesi, haihitaji msingi" anakuuzia sababu iliyogeuzwa juu chini.

Utajuaje udongo wako? Njia rahisi ya kuanzia haina gharama kubwa. Lipa mtu achimbe shimo kwenye ploti, kina cha mita moja na nusu hivi, uone udongo mweusi unaishia wapi na chini yake kuna nini: murram, mwamba au mweusi zaidi. Finyanga bonge lenye unyevu mkononi. Likivutika kuwa utepe mrefu bila kukatika, hilo ni la mfinyanzi. Kisha tembea kwa majirani. Angalia kuta zao za ua na kona za madirisha yao. Ukuta wa ua hujengwa kwa haraka na kwa pesa chache, kwa hivyo ndio unaosema ukweli wa kwanza. Ukiona umepinda kama nyoka, umepata ripoti ya bure.

Shimo na utepe vinakupa picha tu, haviwezi kuchukua nafasi ya mtaalamu. Kama pesa yako inaruhusu, mlete injinia aliyesajiliwa na Bodi ya Wahandisi, au upeleke sampuli kwenye maabara ya kupima udongo. Linganisha gharama hiyo na bei ya keja nzima halafu uamue mwenyewe.

Misingi minne, na kila mmoja na mahali pake

Mafundi wengi wa mtaani wanajua msingi mmoja, ule waliofunzwa. Ukimwita aliyezoea mtaro, atachimba mtaro. Kwa hivyo ni vizuri wewe mwenye pesa ujue kuna nini kwenye menyu.

Wa kwanza ni msingi wa mtaro. Unachimba kufuata kuta, unamwaga zege chini, unapandisha mawe mpaka juu ya ardhi, unajaza katikati na kumwaga sakafu. Ndio msingi wa nyumba nyingi za mawe nchini. Kwenye udongo mwekundu wa Kiambu, Kikuyu au Limuru unafanya kazi vizuri. Kwa keja ya paneli nyepesi kabisa, unaweza kuwa gharama zaidi ya inavyohitajika.

Wa pili ni jamvi, yaani bamba moja la zege lenye wavu wa chuma, na kingo zake zimeongezwa unene. Nyumba yote inakaa juu yake kama chakula kwenye sinia. Udongo ukisogea kidogo, sinia inasogea nzima, nyumba haipasuki vipande. Lakini kwenye udongo mweusi, bamba jembamba lisilo na chuma cha kutosha litapasuka lenyewe. Hapo jamvi linahitaji mchoro wa injinia, maana fundi hawezi kukadiria kwa macho.

Wa tatu ni vitako na nguzo. Unachimba mashimo machache, kila moja unaweka kitako cha zege, unapandisha nguzo fupi hadi juu ya ardhi, na keja inakaa juu ya nguzo ikiwa imefungwa kwa bolti. Chini ya sakafu kunabaki nafasi. Kwa kontena na nyumba za fremu ya chuma, huu mara nyingi ndio msingi unaoingiana nazo. Kwenye udongo mweusi una faida mbili kubwa. Udongo unavimba ndani ya ile nafasi bila kugusa sakafu. Na kona ikishuka, unaweza kuinua kwa jeki na kuongeza kipande cha bamba la chuma, jambo ambalo huwezi kulifanya na jamvi.

Lakini sharti ni hili: kitako lazima kifike chini ya udongo mweusi, kwenye murram au mwamba, au angalau kwenye kina ambacho mvua na jua havibadilishi unyevu. Kitako kilichowekwa sentimita 30 chini, ndani ya udongo mweusi, kitapanda na kushuka kila msimu. Na fundi asijaze shimo kwa udongo ule ule alioutoa. Ukivimba utaishika nguzo na kuivuta juu. Mwambie ajaze murram na kuishindilia, na aizungushie nguzo karatasi nzito ya nailoni.

Wa nne ni parafujo kubwa za chuma zinazozungushwa ardhini kwa mashine, kisha fremu ya nyumba inafungwa juu yake. Hakuna zege wala kungoja, na siku ukihama unazifungua. Kwetu bado si za kawaida kama hiyo mingine, na zinahitaji udongo usio na mawe makubwa. Pwani zinahitaji uangalifu zaidi kwa sababu chumvi hula chuma.

Tukiwa Pwani, hesabu inabadilika. Diani, Kilifi au Kikambala utakutana na mchanga na mwamba wa matumbawe. Mchanga uliotulia hubeba vizuri mradi maji hayauondoi, na mwamba ukiwa karibu una bahati. Adui hapo ni upepo, maji yaliyo karibu chini ya ardhi, na kutu. Nguzo zinazoacha hewa ipite chini ya sakafu zinasaidia pia kupunguza joto. Ila kila bolti na kila chuma kiwe kimepakwa zinki, na chuma kilicho ndani ya zege kifunikwe vya kutosha.

Na kwenye miteremko ya Murang'a au Kiambu, nguzo zina faida nyingine. Huna haja ya kukata mlima ili upate uwanja tambarare. Unafanya nguzo za chini ziwe ndefu na za juu ziwe fupi. Kukata mteremko ovyo ndiko kunakoalika maporomoko.

Kabla hujachagua, jua pia una paneli gani. Si kila "nyumba ya paneli" ni nyepesi sawa. Kuna paneli za bati mbili zenye povu katikati. Hizo ni nyepesi kweli na zinavumilia kusogea kidogo. Halafu kuna paneli za EPS, kama zile ambazo Shirika la Nyumba la Taifa linatengeneza kwenye kiwanda chake Mavoko. Hizo zina povu katikati na wavu wa waya pande zote, kisha kuta hupigwa plasta ya saruji nje na ndani. Ni nyepesi kuliko mawe, lakini plasta ina uzito wake, na plasta hupasuka. Keja ya EPS inataka msingi mtulivu, yaani jamvi lililochorwa au mtaro uliofika kwenye udongo mgumu, na si nguzo nne zilizotawanyika.

Pesa iko wapi

Tuchukue keja ya mita 6 kwa 5. Hiyo ni mita 30 za mraba.

Ukiweka jamvi lenye unene wa sentimita 15, unahitaji mita 4.5 za ujazo za zege. Kwa mchanganyiko wa kawaida wa moja kwa mbili kwa nne, hiyo ni karibu mifuko 30 ya saruji ya kilo 50, bado hujaongeza unene wa kingo. Ongeza mchanga, kokoto, wavu wa chuma, mawe ya kujaza chini na karatasi ya kuzuia unyevu.

Ukiweka vitako 9 vya sentimita 60 kwa 60 vyenye unene wa 20, na nguzo 9 za sentimita 30 kwa 30 zenye urefu wa mita moja, zege lote ni kama mita 1.5 za ujazo. Hiyo ni mifuko 10 hivi. Theluthi moja. Lakini usishangilie mapema: hapo huna sakafu bado. Kontena huja na sakafu yake, lakini paneli zitahitaji fremu ya chuma na mbao juu ya nguzo, nayo ina bei.

Sasa ongeza udongo mweusi. Ukiamua kutoa udongo wote chini ya jamvi kwa kina cha mita moja, ni mita 30 za ujazo. Udongo ukichimbwa hutanuka. Ongeza theluthi, unapata kama 40. Kwa lori linalobeba mita 5, hizo ni safari 8 za kutoa na karibu hizo hizo za kuleta murram. Pigia simu mwenye lori wa mtaa wako na mwenye hardware, zidisha, halafu rudi uangalie ile bei ya kwenye tangazo. Kwa ploti fulani utagundua kwamba msingi unakula sehemu kubwa ya pesa uliyodhani umeokoa kwa kununua keja nyepesi.

Hata ile "siku moja" ya tangazo inahitaji tafsiri. Zege linataka kumwagiwa maji kwa wiki moja angalau, na nguvu yake hupimwa likiwa na siku 28. Lori la kreni nalo linahitaji kufika. Kwenye udongo mweusi mwezi wa Aprili, lori linaweza kuzama kabla ya kuiona ploti yako. Kwa hivyo panga: msingi kiangazi, kisha keja ndiyo ifuate.

Na siku msingi unapokamilika, kabla hujalipa salio la fundi, chukua futi ya kamba upime kutoka kona hadi kona. Kwa nyumba ya mita 6 kwa 5, mishazari yote miwili lazima iwe mita 7 na sentimita 81. Zikitofautiana, msingi umekwenda upande, na paneli zilizokatwa kiwandani kwa mashine hazitakubali kubembelezwa. Pima na usawa kwa pima-maji. Fundi wa mawe anaweza kuficha makosa kwa plasta. Nyumba ya kiwandani haimpi nafasi hiyo.

Swali ambalo fundi hawezi kulijibu

Kuna udongo, na kuna ardhi. Udongo unajibiwa na shimo. Ardhi inajibiwa na hati.

Oktoba 2023, tingatinga ziliingia Mavoko na kubomoa nyumba za watu kwenye ardhi iliyokuwa imezozaniwa na kampuni ya East African Portland Cement. Zilibomolewa nyumba za mawe, zenye misingi imara, vigae na mageti. Watu walikuwa wamelipa, wamejenga na wamehamia. Hakuna msingi uliowaokoa, kwa sababu kilichokosekana hakikuwa saruji.

Miezi michache baadaye, mafuriko ya Aprili na Mei 2024 yaliua zaidi ya watu 200 nchini, wakiwemo wa Mai Mahiu. Serikali ikaamuru walio kando ya mito Nairobi waondoke, na ubomoaji ukafuata Mathare na Mukuru.

Ndiyo maana naona uchaguzi wa msingi kuwa jambo la siasa kama lilivyo la ujenzi. Sheria ya ardhi tuliyorithi kutoka Uingereza ina kanuni ya zamani: kilichoshikamana na ardhi huhesabiwa sehemu ya ardhi. Ukimwaga jamvi na kuijengea juu kwenye ploti ya kukodi, au kwenye shamba la marehemu babu ambalo urithi wake haujagawanywa, siku ya ugomvi nyumba yako inaweza kuhesabiwa pamoja na udongo. Keja iliyofungwa kwa bolti juu ya nguzo inakupa hoja, na inakupa uwezo wa kuita lori. Lakini hoja hiyo iandikwe. Kubaliana na mwenye ardhi kwa maandishi, mbele ya mashahidi, kwamba nyumba ni yako na utaondoka nayo.

Usitumie bolti kama kisingizio cha kununua ploti yenye maneno-maneno, ukisema "ikichacha nitahamisha". Vitako, choo, tangi la maji taka, stima na pesa za ploti havihamishiki. Fanya upekuzi rasmi wa hati kwanza, kwenye ofisi ya ardhi au kwenye Ardhisasa kwa maeneo ambayo tayari yameingizwa. Na uombe ruhusa ya ujenzi ya kaunti. Sheria ya mipango ya ardhi ya 2019 inataka kila ujenzi upate kibali, na haisemi kwamba keja ya kushushwa kwa kreni haihesabiki. Askari wa kanjo wakija hawatauliza inaweza kubebwa au la.

Wenye kuuza nao wajibu

Mzigo huu wote usibebwe na kijana wa miaka 26 mwenye akiba ya miaka minne.

Kampuni za ardhi zinachukua shamba, zinalikata vipande vya futi 50 kwa 100, zinaweka bango na geti, zinatuchukua kwa basi Jumamosi tukapige picha. Wanataja umbali wa lami, umeme na maji. Hawataji udongo mweusi una kina gani wala maji husimama wapi Aprili. Wao wanaweza kuchimba mashimo kumi kwenye shamba zima kwa gharama ndogo, na kugawana majibu na wanunuzi mia. Badala yake kila mnunuzi anachimba lake, au hachimbi kabisa. Kaunti zinazoidhinisha ugawaji wa mashamba zingeweza kuweka sharti moja tu: hakuna kuuza ploti bila karatasi ya udongo na ya mafuriko. Muuzaji wa keja naye aandike kwenye risiti msingi unaohitajika na nani atawajibika keja ikipinda.

Mpaka hilo lifanyike, jilinde hivi. Tembelea ploti mara mbili, kiangazi na mvua. Chimba shimo kabla ya kulipa arbuni. Fanya upekuzi wa hati. Mwulize muuzaji wa keja akupe mchoro wa msingi wenye vipimo na uzito kwa kila nguzo. Asiyekuwa nao haijui bidhaa yake. Weka mifereji ya paa ipeleke maji mbali na nyumba, usipande mti mkubwa karibu na ukuta, na shimo la maji taka liwe mbali na msingi, maana kwenye udongo mweusi maji hayo hayaendi popote, yanakaa hapo na kuvimbisha ardhi.

Ukipiga hesabu ya keja yako, anza na ardhi, kisha udongo, kisha msingi. Rangi ya kuta na viti vya barazani vitangoja. Vile vya chini ndivyo ambavyo huwezi kubadilisha ukishahamia.